Smith & Gaston wa Alabama: familia iliyogeuza mchango wa msiba kuwa akiba

Kwa sisi tunaoishi Marekani, simu ya usiku wa manane huwa na moja kati ya mambo mawili. Ama kuna jambo limetokea nyumbani, ama mwenzetu amefariki hapa hapa na mchango unaanza. Anateuliwa mweka hazina, inafunguliwa akaunti, na orodha ya majina inaanza kuzunguka. Huku mwili uko mochwari, na kila siku inayopita ina gharama yake. Kule Mwanza, Mombasa au Bukavu ndugu wanauliza: mwili utafika lini?

Hakuna asiyejua taabu ya michango hii. Tunachangishana kwa moyo mmoja, na aghalabu fedha hupatikana. Lakini mjane anayetakiwa kukaa ndani na kulia hujikuta anahesabu dola na kuwashukuru watu kwa simu. Wiki mbili baadaye msiba mwingine unatokea, na orodha inaanza upya kwa watu wale wale.

Leo tunawaletea wasomaji wetu historia ya familia moja ya Wamarekani weusi iliyolitazama tatizo hili hili zaidi ya miaka 100 iliyopita, katika mji mdogo wa wafanyakazi wa chuma, na kulipatia jawabu. Kampuni yao ya mazishi iliitwa Smith & Gaston. Tumeichagua kwa sababu haikuanza na jeneza wala gari la maiti. Ilianza na daftari la ada ndogo ndogo za watu maskini.

Mji wa chuma

Fairfield ni mji mdogo ulioko magharibi mwa jiji la Birmingham, jimbo la Alabama. Ulianza kujengwa mwaka 1910 kwa ajili ya wafanyakazi wa kampuni ya Tennessee Coal, Iron and Railroad, ambayo tangu mwaka 1907 ilikuwa mali ya kampuni kubwa ya chuma ya U.S. Steel. Kuzunguka eneo hilo kulikuwa na migodi ya makaa ya mawe na ya madini ya chuma, na watu weusi walitoka mashambani kwa maelfu kuja kufanya kazi humo. Waliishi katika makazi yao ya pembeni, kama kitongoji cha Westfield, kwa sababu sheria za ubaguzi hazikuwaruhusu kuchanganyika na wazungu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya hatari. Mtu aliondoka asubuhi bila hakika ya kurudi jioni. Na mshahara haukuacha akiba. Mwanamume alipokufa, mkewe alibaki na watoto, deni la duka la kampuni, na maiti isiyo na jeneza.

Katika mji huo ndipo alipofika Arthur George Gaston baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Alizaliwa tarehe 4 Julai 1892 huko Demopolis, Alabama. Babu na bibi yake walikuwa wamezaliwa utumwani. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mdogo, na mama yake, Rosa, alikuwa mpishi katika nyumba za wazungu. Inasimuliwa kwamba kwa bibi yake kulikuwa na bembea iliyofungwa kwenye mti, na Gaston aliwatoza watoto wenzake vifungo vya nguo kabla ya kuipanda. Baadaye alihamia Birmingham na mama yake, akasoma katika shule ya Tuggle Institute, na masomo yake yakaishia darasa la kumi. Wakati wa vita alipelekwa Ufaransa na jeshi la Marekani. Aliporudi, hakukuwa na kazi nyingine kwa mtu mweusi wa elimu yake ila kuingia mgodini.

Mle mgodini aligundua kwamba wenzake walitamani chakula alichopikiwa na mama yake. Akaanza kuwauzia. Kisha akaanza kuwakopesha wale walioishiwa kabla ya siku ya mshahara, kwa riba ya senti 25 kwa kila dola. Riba hiyo ni kubwa, na hatuna haja ya kuipamba. Msomaji na ajue tangu mapema kwamba tunamzungumzia mfanyabiashara. Hakuwa walii.

Wajane mlangoni mwa mgodi

Siku za mshahara Gaston aliwaona wajane wakija mgodini na makanisani kuomba mchango wa kuwazika waume zao. Wafanyakazi walitoa. Kesho yake akaja mwingine, nao wakatoa tena. Gaston akajiuliza: watu hawa ambao tayari wanatoa kila mara, je, hawawezi kutoa kidogo kidogo kabla ya kifo, wakaandikwa kwenye daftari, ili siku ikifika mazishi yawe yamekwisha kulipiwa?

Mwaka 1923 akaanzisha chama cha kuzikana. Alikipa jina la Booker T. Washington, mwalimu na kiongozi maarufu wa watu weusi aliyefariki mwaka 1915. Gaston alikuwa msomaji mkubwa wa maandishi yake, na aliamini kama yeye kwamba mtu mweusi atasimama kwa kujenga mali yake mwenyewe.

Hata hivyo wazo lenyewe halikuwa geni. Tangu utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, watu weusi wa Kusini walikuwa na vyama vya kusaidiana katika ugonjwa na mazishi, vingi vikiwa chini ya makanisa. Mtu aliyeishi maisha yote akidharauliwa alitaka angalau azikwe kwa heshima. Nasi tunayo desturi hii. Katika miji yetu ya Afrika Mashariki enzi za ukoloni, vyama vya watu waliotoka sehemu moja viliona kumzika mwenzao aliyefia ugenini kuwa wajibu wa mwanzo kabisa. Kijijini hakuna anayeuliza nani atachimba kaburi. Mjini lazima swali hilo liulizwe, na liulizwe mapema.

Ugumu wa chama kama hiki uko mwanzoni. Wanachama ni wachache, sanduku ni jepesi, na kifo hakisubiri lijae. Akifa mtu katika mwezi wa kwanza, ada zake hazitoshi hata mbao za jeneza. Chama kikishindwa kumzika, kimekufa pamoja naye. Kikimzika vizuri, kila aliyefika makaburini anarudi nyumbani akiwa tangazo lake. Ndiyo maana chama cha kuzikana hakiwezi kusimama kwa hesabu peke yake. Kinahitaji watu wanaoaminika.

Mkwe na mkwe

Hapo ndipo familia ilipoingia. Gaston alimwoa Creola Smith, na baba yake Creola, A. L. Smith, ambaye watu walimwita "Dad", akawa mshirika wake katika biashara. Majina ya wakwe hao wawili ndiyo yaliyounda jina la kampuni: Smith & Gaston.

Sababu ya kuwa na kampuni ya mazishi inaeleweka. Vyama vya aina hii mara nyingi viliahidi mazishi yenyewe, yaani jeneza, gari na huduma, badala ya kumkabidhi mfiwa fedha taslimu. Ukishaahidi mazishi, unabaki mikononi mwa mwenye majeneza na bei zake. Ukiwa na majeneza yako mwenyewe, ada inayoingia kwa mlango mmoja hutoki nayo kwa mlango mwingine. Mwaka 1932 chama kikawa kampuni kamili ya bima. Mwaka 1938 wakanunua na kukarabati jumba pembezoni mwa bustani ya Kelly Ingram, katikati ya Birmingham, likawa makao ya Smith & Gaston. Walijitangaza kwa kudhamini vipindi vya nyimbo za injili redioni, na hata wakawa na kikundi chao cha waimbaji.

Mengine yalifuata kwa mtindo ule ule. Kampuni ilihitaji makarani wanaojua kupiga chapa na kutunza hesabu, na shule za kuwafundisha vijana weusi kazi hiyo zilikuwa chache. Mwaka 1939 Gaston akafungua chuo cha biashara, na mke wake wa pili, Minnie Gardner, akakiongoza kwa miaka mingi. Wasafiri weusi hawakupokewa katika hoteli za wazungu, kwa hiyo mwaka 1954 akafungua moteli. Mabenki ya wazungu yaliwanyima weusi mikopo ya kujenga nyumba, kwa hiyo mwaka 1957 likafunguliwa shirika la akiba na mikopo, Citizens Federal. Ukifuatilia shina la mali hizo zote unarudi kwenye ada za kuzikana za wachimba migodi.

Kwa nini watu wa mazishi?

Msomaji anaweza kushangaa kwamba katika miji mingi ya Kusini mwa Marekani tajiri mweusi wa kwanza alikuwa mwenye kampuni ya mazishi. Sababu ni ubaguzi wenyewe. Wazungu wengi wa biashara hiyo hawakutaka kugusa maiti ya mtu mweusi, au waliihudumia kwa dharau. Basi kazi hiyo ikabaki kwa weusi wenyewe. Mwalimu mweusi alilipwa na serikali ya wazungu, na mfanyakazi aliajiriwa na wazungu, hivyo wote wawili waliweza kufukuzwa kwa neno moja. Mwenye kampuni ya mazishi alilipwa na watu wake, hivyo hakuwa na mzungu wa kumfukuza.

Uhuru huo ulionekana mara nyingi. Mwaka 1953 Martin Luther King alipofunga ndoa na Coretta Scott huko Alabama, hoteli za wazungu zilikuwa zimefungwa kwao, na usiku wa harusi wakaulala kwa rafiki wa familia aliyekuwa na kampuni ya mazishi. Mwaka 1955 kijana wa miaka 14, Emmett Till, aliuawa kikatili Mississippi, na mwili wake ukasafirishwa kwa treni hadi kwao Chicago katika sanduku lililoagizwa lisifunguliwe. Mama yake, Mamie Till, alitaka lifunguliwe, na katika kampuni ya mazishi ya A. A. Rayner, mtu mweusi, likafunguliwa. Maelfu ya watu waliuona uso ule, na picha zake zikaiamsha nchi.

Huko Birmingham mambo yalifika kileleni mwaka 1963. King na wenzake walifanya moteli ya Gaston kuwa makao yao, na King alikaa chumba namba 30. Gaston mwenyewe alikuwa mtu wa tahadhari. Alipendelea mazungumzo ya faragha na wakubwa wa kizungu kuliko maandamano, na hasa hakupenda watoto watolewe shuleni kuandamana. Vijana wengi walimwita kibaraka. Kisha siku moja ya Mei, akiwa kwenye simu na wakili mmoja mzungu, David Vann, alitazama dirishani akaona maji ya mipira ya zimamoto yakimvingirisha msichana mdogo mweusi barabarani. Alikatisha mazungumzo, na tangu hapo msimamo wake ukabadilika. Alitoa fedha za dhamana ili King atoke jela. Usiku wa tarehe 11 Mei moteli yake ililipuliwa kwa bomu, na mwezi Septemba nyumba yake ikarushiwa mabomu ya moto. Mwaka 2017 moteli hiyo iliingizwa katika eneo la kumbukumbu ya taifa la harakati za haki za raia.

Kufa kufaana

Wahenga walisema kufa kufaana, na msemo huo una pande mbili. Kifo cha mmoja huwafaidi wengine, na wako waliomlaumu Gaston kwa kutajirika kutokana na majeneza ya maskini. Lawama hiyo haipaswi kupuuzwa. Bima ya mazishi inaweza kuwa wizi. Mtu anaweza kulipa senti zake kwa miaka 40 na jumla ikapita mara kadhaa gharama ya mazishi yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 makampuni kadhaa makubwa ya bima hapa Marekani yalilipa mamilioni ya dola kumaliza kesi zilizoonyesha kwamba kwa miongo mingi yaliwatoza watu weusi zaidi ya wazungu kwa bima hizo ndogo.

Kwa upande mwingine, fedha za Smith & Gaston zilibaki mtaani. Zilisomesha makarani, zilijenga nyumba, zilitoa dhamana. Mwaka 1987, akiwa na umri wa miaka zaidi ya 90, Gaston aliiuza kampuni yake ya bima kwa wafanyakazi wake kwa bei iliyokuwa sehemu ndogo tu ya thamani yake. Alifariki tarehe 19 Januari 1996 akiwa na miaka 103.

Sisi je?

Tofauti kati yetu na wachimba migodi wa Fairfield ni umbali wa kaburi. Wao walizikwa karibu. Wengi wetu tunataka kurudishwa kwetu. Hata desturi ya Wamarekani ya kuhifadhi maiti kwa dawa ilienea kwa sababu kama yetu: wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, familia zilitaka wanajeshi waliofia mbali warudishwe makwao. Leo kusafirisha mwili kunahitaji cheti cha kifo, hati ya daktari au idara ya afya, uthibitisho kwamba mwili umehifadhiwa na sanduku limefungwa inavyotakiwa, karatasi za ubalozi, na kampuni ya mazishi inayotambuliwa na shirika la ndege. Waislamu wengi huchagua kuzika hapa hapa na mapema, na gharama hupungua sana. Lakini nao wanahitaji kaburi, na kaburi Marekani hununuliwa.

Kwa hiyo tunawashauri wasomaji wetu mambo machache.

Kwanza, jueni haki zenu. Tangu mwaka 1984 kuna kanuni ya serikali kuu ya Marekani inayozilazimu kampuni za mazishi kutaja bei kwa simu na kumpa mteja anayefika orodha ya bei ya kila kitu peke yake. Hulazimiki kununua jeneza kwao. Kama mnazika hapa hapa, mara nyingi sheria haidai mwili utiwe dawa. Mpelekeni mtu asiye mfiwa wa karibu akaulize bei katika kampuni mbili au tatu. Mwenye machozi hawezi kubishana bei.

Pili, msidanganywe na jina la familia lililoandikwa mlangoni. Kampuni kubwa kama Service Corporation International, iliyoanzishwa Texas mwaka 1962, zimenunua nyumba nyingi za mazishi za familia na kuacha jina la zamani. Si lazima huduma iwe mbaya, lakini yule mzee aliyewajua watu wa mtaa na kuwakopesha anaweza kuwa hayupo tena. Ulizeni nani mwenye mali.

Tatu, na hili ndilo kubwa, tuanzishe vyama vya kuzikana, na pale vilipo tuviimarishe. Chama kinachofaa kina daftari lililo wazi kwa kila mwanachama, akaunti inayohitaji saini zaidi ya moja, na sheria zilizoandikwa kabla ya msiba wa kwanza. Ada ni kiasi gani? Mwanachama mpya anasubiri muda gani kabla ya kustahili? Je, mama aliyekuja kututembelea kwa viza naye anahesabiwa? Asiyelipa kwa miezi sita bado ni mwanachama? Maswali haya yakiulizwa mbele ya maiti huvunja urafiki. Yakiulizwa leo ni mazungumzo tu.

Nne, kila mmoja wetu aandike anataka azikwe wapi, na aiweke karatasi hiyo mahali ambapo mtu mwingine anaijua. Tumeona koo zikivutana juu ya mwili kwa sababu marehemu hakusema. Kuandika hakuharakishi kifo.

Tunajua nani atakayekuwa mgumu kujiunga. Ni kijana mwenye afya, kazi nzuri na haraka nyingi, anayeona mambo haya ni ya wazee. Chama hakiwezi kusimama bila ada ya kijana huyo, kwa sababu ndiye atakayelipa kwa miaka mingi bila kudai. Kwa hiyo katika mkusanyiko wetu ujao, uwe wa Idi, Krismasi au arusi, chakula kikingali jikoni, na iwekwe meza moja mlangoni yenye daftari na kalamu. Wazee waandike majina yao kwanza, kisha wawaite vijana kwa majina.